Jean Prouvé, fundi wa chuma kwenye kiti cha waamuzi

Mwaka 1971 kulikuwa mashindano makubwa ya kuchora nyumba kule Paris. Rais Georges Pompidou alitaka jengo moja katikati ya mji, kwenye kiwanja cha Beaubourg, lenye kuweka pamoja makumbusho ya sanaa ya kisasa, maktaba ya watu wote, mahali pa wanamuziki na mahali pa watu wenye kubuni vyombo vya nyumba. Michoro 681 ilifika kutoka pande zote za dunia. Kwa kuchagua mmoja, waliita waamuzi tisa. Na prezida wao alikuwa mtu mwenye hakuwa na diplome ya arshitekte wala ya injeniere. Alikuwa mtengenezaji wa viti, vitanda na milango ya chuma, mwenye alianza kazi na nyundo akiwa na miaka 15. Jina lake Jean Prouvé.

Sisi watu wa mine tunaijua habari ya namna hii, lakini kwetu mara nyingi inapita kinyume. Kunakuwa tume ya kupandisha watu daraja, na wenye kukaa mu tume ile hawajashika hata siku moja mashini ya kutoboa jiwe. Nimeona fundi wa miaka 20 ya chini ya udongo akirudishwa nyuma juu ya karatasi moja tu. Ndiyo sababu maisha ya mzee huyu yalinivuta.

Prouvé alizaliwa Paris tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1901, lakini alikomalia Nancy, mji wa Lorraine, upande wa mashariki ya Ufaransa. Kwa Wafaransa, Lorraine ya wakati ule ilikuwa sawa Katanga kwetu: chini ya udongo kuna chuma na makaa, juu ya udongo kuna matanuru, njia za treni na kambi za wafanyakazi. Baba yake, Victor Prouvé, alikuwa mchoraji na mchongaji mwenye sifa, mmoja wa wakubwa wa kikundi chenye kuitwa École de Nancy. Watu wa kikundi kile waliamini kama sanaa haikuwekwa paka kwa picha za ukutani. Taa, kiti, kitasa cha mlango, vyote vilistahili kufanywa vizuri na kufika kwa watu wote. Mama yake alikuwa mpiga piano. Nyumba ya majina makubwa, lakini feza ilikuwa kidogo.

Mtoto alitaka kuwa injeniere. Vita ya 1914 ilikata njia ile, na masomo yaliomba feza yenye haikuwako. Basi mwaka 1916 alipelekwa kujifunza kazi kwa Émile Robert, fundi wa chuma cha kufua, karibu na Paris. Kisha alipita kwa fundi mwingine, Adalbert Szabo, hadi 1921. Miaka mitano ya moto na nyundo. Wenye wamefanya kazi ya namna ile wanajua kinachobaki mu mwili: kusoma joto kwa rangi ya chuma, kusikia kwa mlio wa nyundo kama kipande kimepasuka ndani, kujua kwa mkono kama toli itakubali kupindwa ao itakatika. Hakuna mtihani wa karatasi wenye kupima mambo hayo.

Mwaka 1924 alifungua ateliye yake Nancy. Mwanzo alifanya milango ya vyuma, vizuizi vya ngazi, mataa. Lakini haraka aliacha chuma kizito cha kufua, akashika toli nyembamba, mashini ya kupinda na sudire ya umeme. Hapa niseme kidogo, juu watoto wetu wenye kusoma mekaniki watapenda. Chukua lijanja moja lenye halijakunjwa, liweke juu ya mawe mawili, panda: linalegea sawa karatasi. Lijanja lile lile likipitishwa mu mashini ya kulikunja mikunjo, linabeba mvua, upepo, na fundi mwenye kutembea juu ya paa. Uzito haukuongezeka hata gramu moja. Nguvu imetoka mu mkunjo. Prouvé alijenga maisha yake yote juu ya jambo lile. Baadaye ateliye yake ilikuwa na mashini ya kupinda toli ya urefu wa karibu mita 4, na karibu kila kitu alichobuni kilianza na swali la mashini ile inaweza nini.

Kiti chake chenye kujulikana kuliko vyote kilitoka mwaka 1934. Ukikiangalia haraka ni kiti cha masomo, cha kantini. Angalia miguu. Ya mbele ni bomba nyembamba tu. Ya nyuma ni minene, imepinduka kama paja la ng'ombe, ya toli iliyokunjwa na kuwa tupu ndani. Sababu yake? Mtu akikaa, na zaidi sana akijiegemeza, uzito wa mgongo wote unaanguka nyuma. Basi chuma kinawekwa pale penye mzigo, na kinapunguzwa pale penye hakuna. Mtu wa kushindilia miti ya kuzuia jiwe chini ya mgodi anaelewa neno hili bila kuambiwa mara mbili. Prouvé alitengeneza viti vile, meza na vitanda kwa wanafunzi, kwa wagonjwa wa hospitali, kwa maofisi ya kampuni za umeme. Vilikuwa vitu vya kutumika na watu wengi, kila siku, bila kubembelezwa.

Mwaka 1931 ateliye ilikuwa kubwa, ikawa kampuni yenye jina lake. Desturi ya mule ilikuwa moja: mwenye kuchora na mwenye kutengeneza wako chini ya paa moja. Wazo linachorwa, mafundi wanalitengeneza palepale, linajaribiwa, linavunjika, linarudi mu mchoro. Hakupenda hata kidogo mchoro kutembea mbali na mkono. Tena wafanyakazi wake walikuwa na konje ya kulipwa na msaada wa matibabu mbele sheria haijamlazimisha. Sheria ya konje Ufaransa ilikuja 1936: siku 15 kwa mwaka, pamoja na juma la kazi la saa 40, na ilikuja kisha mamilioni ya wafanyakazi kugoma na kukaa ndani ya viwanda. Mimi kama mtu wa sendika nitamsifu Prouvé, lakini kwa kipimo. Patro mzuri akikufa ao akifukuzwa, uzuri wake unaenda naye. Tutaona mbele namna ilivyokuwa.

Kati ya 1935 na 1939 alishirikiana na arshitekte Eugène Beaudouin na Marcel Lods, pamoja na injeniere Vladimir Bodiansky, kujenga Nyumba ya Watu ya Clichy, mtaa wa wafanyakazi karibu na Paris. Asubuhi chini ni soko. Kisha vipande vya sakafu ya juu vinasukumwa, tundu linafungwa, na panakuwa chumba kikubwa cha mikutano na sinema. Paa nayo inafunguka. Pembeni kulikuwa maofisi ya sendika. Jengo lile lote ni chuma na toli, kuta zake zilitoka ateliye ya Nancy. Nikiangalia picha zake nafikiri vyumba vyenye tunakutanikia sisi, vyenye mvua ikinyesha hakuna mtu mwenye kusikia msemaji.

Vita ikaja, Wadachi wakaingia Nancy. Ateliye haikufa: ilitengeneza baisikeli na majiko yenye kuwaka na makaa mabaya ao kuni ya aina yoyote. Prouvé mwenyewe alikuwa mu kundi la siri la wapinzani. Nancy ilipokombolewa mwaka 1944, aliwekwa kuwa meya wa mji, akakaa mu kazi ile miezi michache hadi 1945, kisha akarudi kwa mashini zake. Kulikuwa watu wengi wasio na nyumba. Aliwatengenezea nyumba za mbao na chuma, mita 6 kwa 6 ao 6 kwa 9, zenye watu wachache waliweza kuzisimamisha kwa siku moja kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa.

Mwaka 1947 alihamisha kazi Maxéville, pembeni ya Nancy, mu kiwanda kikubwa zaidi. Na ni Maxéville ndiko habari inavuka bahari kuja kwetu, karibu kabisa. Kule alibuni nyumba za nchi za joto. Ya kwanza ilipelekwa Niamey na ndege mwaka 1949. Mwaka 1951 zingine mbili zilifika Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa. Zilikuwa za toli ya chuma na aluminiyumu, paa mbili moja juu ya nyingine ili hewa ya moto itoke katikati, kuta za kusukuma, na vidirisha vya duara vya kioo cha buluu vya kupunguza ukali wa jua. Kazi nzuri, hakuna mtu atabisha. Lakini tuseme yote: zile za Brazzaville zilikuwa ofisi ya habari ya wauza-aluminiyumu na makao ya mkubwa wake. Hazikuwa za mfanyakazi Mukongo. Na bei yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba ya kujengwa palepale, basi hazikufuatwa na zingine. Zilikaa pale miaka karibu 50, zikapigwa na marisasi ya vita ya Brazzaville. Kisha wafanyabiashara wa vitu vya kale walikuja kuzifungua buloni kwa buloni, wakazipeleka Ulaya. Mwaka 2007 moja iliuzwa New York kwa dola karibu milioni 5.

Wauza-aluminiyumu wale ndio sababu ya pigo kubwa la maisha yake. Kampuni ya Aluminium Français ilipenda kuuza chuma yake nyepesi kwa wajenzi, na Maxéville iliomba feza ya kukua. Mwaka 1949 kampuni iliingiza feza, ikapata hisa, zile tunaita aksio. Hisa ziliongezeka. Wakubwa wapya walileta mpango wao: wachoraji huku, kiwanda kule, na kila mtu abaki upande wake. Yaani walikata kile kile chenye kilifanya ateliye kuwa ateliye. Prouvé hakuweza tena kuamua kazi ya mafundi mu kiwanda chenye alikijenga. Mwaka 1953 alitoka. Jina lake lilikuwa juu ya mlango, lakini hisa zilikuwa mu mkono mwingine. Hapa ndipo kipimo changu cha patro mzuri. Alifungua mlango kwa feza kubwa bila kuwa na kizuizi chochote, na mafundi wake nao hawakuwa na hisa za kutosha kusema hapana. Ba kamarade wenye wameona kampuni ikibadilisha wenyewe mara tatu mu miaka kumi hawahitaji nieleze zaidi.

Alikuwa na miaka 52, mke na watoto watano, na hakuna mashini. Mwaka 1954 alinunua kipande cha kilima Nancy chenye hakuna mtu alikitaka juu ya ukali wa mteremko. Wakati wa likizo, yeye, watoto na marafiki walijenga nyumba ya kukaa, na vipande vilivyobaki vya kiwanda: kuta za mbao, za aluminiyumu, zingine na vile vidirisha vya duara. Mwaka 1956, kwa ombi la Abbé Pierre, padri mwenye alitetea watu wasio na makao, alibuni nyumba ndogo yenye jiko na bafu mu kiini kimoja cha chuma katikati, kikibeba paa. Ilisimamishwa Paris kando ya mto Seine kwa saa 7. Watu walikuja kuiona, walifurahi. Serikali haikutoa kibali, juu jiko na bafu havikuwa na dirisha. Maskini walibaki na madirisha ya kuwazia.

Kisha 1957 aliitwa kufundisha kwenye Conservatoire national des arts et métiers, CNAM. Masomo ya mule ni ya watu wenye kufanya kazi mchana na kusoma jioni. Alifundisha hadi 1970. Alichora kwa chaki kwenye ubao mkubwa namna kiungo kinavyokaa, namna toli inavyopindwa, namna maji ya mvua yanavyotafuta njia. Hata wanafunzi wa masomo makubwa ya usanifu walikuja kusikiliza, wakikaa pamoja na wafanyakazi.

Sasa turudi Beaubourg. Hesabuni wenye walikaa kwenye meza ile mwaka 1971. Kulikuwa Oscar Niemeyer, arshitekte wa Brasília, mkomunisti, mwenye utawala wa kijeshi wa Brazili ulimfanya aishi ugenini. Kwa jengo la chama cha wakomunisti Paris, kuta zake za kioo alisaidiwa na Prouvé. Kulikuwa Philip Johnson, Mmarekani tajiri, mwenye alianza na masomo ya falsafa, akawa mkubwa wa idara ya usanifu kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mbele hajawa arshitekte mwenyewe, kisha akajijengea nyumba ya kioo mwaka 1949. Kulikuwa Émile Aillaud, Mfaransa wa mitaa mikubwa ya kupangisha. Yeye alikuwa amejengea wachimbaji wa makaa wa Lorraine makambi baada ya vita. Kulikuwa Willem Sandberg wa Amsterdam, mtu wa kupanga herufi na vitabu, kisha mkubwa wa makumbusho ya Stedelijk. Wengine walikuwa watu wa maktaba, makumbusho na elimu: Frank Francis mwenye aliongoza British Museum, Herman Liebaers wa maktaba ya kifalme ya Ubelgiji, Michel Laclotte wa picha za Louvre, na mwandishi Gaëtan Picon.

Tena historia ilikuwa imewakalisha karibu kwa namna ya ajabu. Sandberg, wakati wa Wadachi, alikuwa anatengeneza vitambulisho vya uongo kwa kuokoa watu, na alikuwa kati ya wenye walipanga kuchoma ofisi ya vitambulisho ya Amsterdam mwaka 1943. Wenzake 12 walipigwa risasi. Johnson, yeye, mu miaka ya 1930 alimpenda Hitler, alienda hata Poland mwaka 1939 kuangalia ushindi wa Wadachi. Na mu kiti cha mbele, Prouvé, meya wa ukombozi. Watu wa namna hiyo walipaswa kukubaliana juu ya nyumba moja.

Michoro haikuwa na majina, ilikuwa na namba tu. Walichagua ile ya 493, kwa kura 8 juu ya 1. Walipofungua bahasha walikuta vijana wenye hawajafika miaka 40: Renzo Piano na Gianfranco Franchini wa Italia, Richard Rogers wa Uingereza, pamoja na ba injeniere wa kampuni ya Ove Arup. Hakuna mtu mkubwa wa Ufaransa. Nusu ya kiwanja waliacha wazi kwa watu kukaa na kucheza.

Makelele yalianza siku ile ile. Kikundi cha wasanifu Wafaransa kilienda hadi mahakamani, na kati ya hoja zao kulikuwa hii: prezida wa waamuzi haiko arshitekte wa diplome. Mtu mwenye kuta zake zilifunika majengo ya Ufaransa kwa miaka 40, mwenye alifundisha kwa miaka 13, alitafutwa karatasi akiwa na miaka 70. Mimi naona kama ni kinyume kabisa. Mchoro wa 493 ulikuwa wa vipande vya chuma vyenye kutengenezwa kiwandani na kuja kufungwa kwenye kiwanja, sakafu za upana wa mita 48 bila nguzo katikati. Kwa kusema kitu kile kinaweza kusimama ao hakiwezi, ilihitajika angalau mtu mmoja mezani mwenye alijua chuma kwa mkono. Wengine walijua uzuri, vitabu, picha, beton. Yeye alijua buloni.

Kazi haikusimama. Viungo vikubwa vya chuma, kila kimoja karibu tani 10, vilimiminwa Ujerumani, vikaletwa na kupandishwa. Mabomba yote yaliwekwa inje na kupakwa rangi: buluu kwa hewa, kijani kwa maji, manjano kwa umeme, nyekundu kwa njia za watu. Mtu wa Likasi ao wa Kolwezi akiona picha atafikiri ni konsantratere. Watu wa Paris walicheka, wakaiita kiwanda cha petroli. Pompidou alikufa 1974 bila kuiona imekwisha. Milango ilifunguliwa tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka 1977, na watu wakajaa kuliko ilivyohesabiwa.

Prouvé alikuwa na ofisi ndogo Paris, rue des Blancs-Manteaux, dakika chache kwa mguu toka pale. Mwaka 1981 Uholanzi ilimpa zawadi ya Erasmus. Alikufa Nancy tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 1984. Viti vyake vya wanafunzi, vile vya kwanza vyenye rangi imebabuka, leo matajiri wanavinunua kwa bei ya motokari. Maxéville haikurudi kwake. Nyumba ya kilima ingali imesimama; mji wa Nancy uliinunua, na mtu mwenye kufika kule anaweza kugusa kuta zenye vidirisha vya duara, vipande vya kiwanda vyenye fundi alifukuzwa navyo.